Mama Alikalia Mtungi

Mwaka jana nililipwa kuwafundisha Wamarekani jinsi ya kuishi katika nyumba ndogo. Zilikuwa makala kumi na mbili, kila moja maneno 1,500, kwa shilingi 350 kila ukurasa, na mwenye akaunti alikata chake kabla ya kunitumia kilichobaki kwa M-Pesa. Mteja hakunijua. Hakujua niko Githurai, wala hakuhitaji kujua. Alichotaka ni mtu wa kumshawishi msomaji wa Oregon au Colorado kwamba anaweza kuuza jumba lake la vyumba vinne, ajenge kijumba juu ya trela, na maisha yawe mepesi.

Makala zote niliziandika nikiwa kitandani, na si kwa uvivu. Chumba changu kilikuwa kumi kwa kumi, zile futi ambazo kila mtu aliyewahi kukodisha keja Nairobi anazijua bila kupima. Ukishaingiza kitanda cha futi nne kwa sita, meko, ndoo mbili, mtungi wa maji wa lita 20 na begi la nguo, habari ya meza imeisha. Kompyuta ilikaa juu ya mto, mto juu ya mapaja, na mgongo wangu uliegemea ukuta ambao upande wa pili ulikuwa umeegemewa na jirani.

Nikitafuta habari za makala ya kwanza ndipo nikakutana na Jay Shafer, Mmarekani aliyekuwa akiishi jimbo la Iowa. Mwaka 1999 alijijengea nyumba ya futi za mraba 96, akaiweka juu ya magurudumu, na leo watu wa nyumba ndogo humtaja kama mmoja wa waanzilishi wao. Ile namba niliisoma mara mbili. Yake 96, yangu 100. Nikamgongea jirani ukutani.

"Buda, unajua tunaishi kwa nyumba kubwa kuliko ya mtu mashuhuri Marekani?"

"Mwambie aje tubadilishane," akasema, hata hakupaza sauti. Hakukuwa na haja.

Kusema kweli nilimpenda huyo Shafer. Yale magurudumu hayakuwekwa kwa ajili ya safari. Kanuni za ujenzi za huko ziliweka kiwango cha chini cha ukubwa wa nyumba, na yake haikufika. Lakini ikikaa juu ya magurudumu haihesabiwi nyumba tena, inahesabiwa trela. Mkenya gani hawezi kuheshimu akili kama hiyo? Ni hadi toleo la mwaka 2018 la kanuni zao za mfano za ujenzi wa makazi ndipo kikaongezwa kiambatisho cha nyumba ndogo, kikisema ni nyumba isiyozidi futi za mraba 400 bila kuhesabu roshani ya kulala. Futi 400! Kwetu landilodi angetoa singo nne hapo na bado atafute kona ya kibanda cha M-Pesa.

Na msidhani nilikuwa naandika uongo. Chumba kidogo nakipenda hata leo. Kukisafisha ni dakika kumi. Tokeni za shilingi mia mbili zilinisukuma mwezi mzima. Sikununua kitu bila kujiuliza kwanza kitalala wapi, kwa hivyo sikununua vitu vingi. Baada ya miaka miwili ya hosteli, wanaume wanne chumba kimoja, mmoja wao akipika omena usiku wa manane, kuwa na ufunguo wangu peke yangu kulinitosha kabisa. Mtu akiniambia kwamba nyumba ndogo imemfungua, namwamini.

Kilichonisumbua kilianza kwenye makala ya tatu, nilipomleta Henry David Thoreau, maana makala ya nyumba ndogo isipomtaja Thoreau ni kama harusi bila pilau. Mwaka 1845 alijijengea kibanda cha futi 10 kwa 15 kando ya bwawa la Walden, Massachusetts, akaandika hesabu ya gharama yake hadi senti ya mwisho: dola 28 na senti 12 na nusu. Hiyo hesabu kila mtu anaikumbuka. Kinachosahaulika ni kwamba ardhi haikuwa yake. Ilikuwa ya rafiki yake Emerson. Nilisimama hapo kidogo. Kijana ambaye hajaoa, kibanda cha bei rahisi, ardhi ya mtu aliyemzidi umri na mali. Mjaluo yeyote angekwambia hiyo ni simba.

Simba ni kile kijumba ambacho kijana wa kiume hujengewa au hujijengea ndani ya boma la babake akishabaleghe, karibu na lango, kifungua mimba upande mmoja na anayemfuata upande wa pili. Chumba kimoja, pengine viwili. Unalala humo mpaka utakapooa na baadaye kutoka kwenda kuanzisha boma lako. Mimi ni kifungua mimba. Nilikuwa na miaka 24 na sikuwa na simba. Nikienda nyumbani Siaya nililala kwa ile ya ndugu yangu mdogo, jambo ambalo wazee walilitaja kwa kukohoa.

Mama alikuja Nairobi mwezi wa saba kwa kliniki ya macho. Mpango ulikuwa alale kwa mama mdogo Kariobangi, arudi na basi la asubuhi. Saa moja usiku simu ikalia.

"Baba, niko hapa steji ya Githurai." Huniita Baba kwa sababu nimepewa jina la babake. "Nimeona nisiondoke bila kuona unapokaa."

Alidhani nakaa hosteli ya wanafunzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha chuo mwaka mmoja na miezi minne kabla ya hapo, nikiwa mwaka wa tatu. Sikufukuzwa. Karo ilikuwa imebaki shilingi 58,000, jina langu halikuwa kwenye orodha ya kufanya mtihani, na wiki hiyo hiyo kazi za mtandaoni zilikuwa nyingi. Nikasema nitarudi muhula ujao. Muhula ujao nikasema hivyo tena. Na kila muhula nilimpigia Mama simu nikamwambia mitihani imeisha salama.

Aliingia na kuku mmoja, njugu karanga kwenye mkebe na unga wa wimbi, akasimama katikati ya chumba, ambako ndiko pekee pa kusimama. Nikapangusa kitanda. "Kaa hapa, Mama."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa akalie sufuria. Mama hakai kwenye kitanda cha mwanawe wa kiume aliyekomaa. Hivyo ndivyo alivyolelewa na hivyo ndivyo nilivyolelewa mimi, ila sikuwa nimewahi kuwa na nyumba ambayo kitanda ndicho kiti. Miaka hiyo yote nilikuwa nikiwakaribisha marafiki hapo hapo kitandani bila kufikiri. Mama akauvuta ule mtungi, akaukaza kifuniko, akauketia. Alikaa juu yake jioni nzima, miguu pamoja, mkoba mapajani, kama aliyengoja kuitwa kwa daktari.

Macho yake yalikuwa yametiwa dawa na alisema anaona ukungu. Hata hivyo hakukuwa na mengi ya kuona. Aligeuza kichwa mara moja, akamaliza nyumba.

"Hilo si lile koti?"

Koti jeupe la maabara, alilolinunua Kisumu wiki moja kabla sijaripoti chuoni. Nilikuwa nimeligongomea kwa misumari miwili dirishani. Lilizuia mwanga wa taa ya barabarani vizuri sana.

"Ni lile, Mama."

"Hulivai?"

"Silivai."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Hakulia wala hakufoka, jambo ambalo ningelijua namna ya kulipokea. Aliomba maji ya kunywa. Maji yalikuwa ndani ya mtungi aliokalia, kwa hivyo akainuka, nikamimina, akaketi tena, akanywa.

Usiku huo nilimshushia godoro sakafuni, mimi nikabaki juu ya mbao na kompyuta, kwa sababu makala ya saba ilitakiwa saa kumi na mbili asubuhi. Ilikuwa makala ya vyoo. Nyumba nyingi za juu ya trela hazina bomba la maji machafu, kwa hivyo wenyewe hutumia choo cha vumbi la mbao ambacho taka yake huozeshwa kuwa mbolea. Nilikuwa kwenye aya inayosifu faragha yake pale Mama aliponiuliza choo kiko wapi. Saa nane usiku. Nikachukua ufunguo msumarini, tochi ya simu na nusu ndoo ya maji, kwa sababu mfereji ulikuwa umekauka tangu Jumanne, tukashuka ngazi hadi kile choo tulichokitumia vyumba vinane. Nilimngoja nje nikiwa nimempa mlango mgongo, nikimwimulikia kwa chini. Sikuwahi kuona aibu ya aina hiyo, na nimeona za aina nyingi.

Tuliporudi akauliza ninachoandika. Nikamweleza kwa Kijaluo, maana kwa lugha hiyo jambo lile lilisikika la ajabu zaidi: kuna watu Marekani wanaouza nyumba kubwa ili wakae kwa ndogo.

"Wana shamba?"

"Wengine wanalo. Wengine wanakodisha mahali pa kuegesha."

"Na hiyo ndogo wanaitaka wenyewe?"

"Wenyewe."

Akavuta shuka. Nilidhani amelala. "Hao wana mahali pengine," akasema.

Hilo neno lilinishinda kumaliza aya. Kwa sababu ukizitazama zile picha za nyumba ndogo, zile za kahawa na mbwa na dirisha la duara, nusu ya picha kila mara ni nje. Ni nyasi, ni mti, ni kiti cha kukunja chini ya mti. Futi 96 zinatosha kwa sababu mlango unafunguka kwa kitu. Wangu ulifunguka kwa ukumbi wa upana wa mita moja wenye viatu vya watu. Tulikuwa tukifanya nje mambo yote ambayo chumba kilikataa, kuanika, kuoga mtoto, kugombana kwa simu, ila nje yenyewe hatukuwa nayo. Jiji letu limejaa nyumba ndogo kuliko lolote nililowahi kuliandikia, na hakuna aliyetuita mtindo.

Tena chumba hiki hakikuanguka kutoka mbinguni. Wakoloni waliijenga Nairobi ya Waafrika wakimhesabu mfanyakazi kama mwanamume asiye na familia: mkewe na watoto wako mashambani, yeye anahitaji tu mahali pa kuweka mwili usiku. Wafanyakazi wa reli walipangwa katika vyumba vya namna hiyo pale Muthurwa, zile landhi ambazo barabara ya Landhies bado imebeba jina lake. Baada ya hapo majengo yamepanda ghorofa saba, lakini kipimo kimebaki kile cha mtu anayedhaniwa kuwa na kwao kwingine. Na wengi wetu tumelikubali wazo hilo mpaka likawa letu. Kijaluo kina *ot*, nyumba, na *dala*, nyumbani, na ole wako uyachanganye. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager walibishana mahakamani miezi mitano azikwe wapi, na sehemu kubwa ya ubishi ilikuwa hiyo hiyo: je, nyumba ya Nairobi inaweza kuwa nyumbani? Mei 1987 alizikwa Nyalgunga, Siaya. Nyumba ilikuwepo Lang'ata. Mimi sijawahi kuukubali uamuzi ule moyoni. Namwelewa Wambui. Lakini asubuhi ile, nikimtazama mamangu akikunja shuka juu ya mtungi, sikuwa na hoja yoyote ya kutetea kumi kwa kumi yangu.

Nilipompeleka kwa basi akanipa maagizo kama mtu anayesoma orodha ya soko. Babako utamwambia mwenyewe. Njoo Desemba. Uje na pesa ya mabati.

Pesa nilikuwa nayo, shilingi 74,000, na hapo ndipo penyewe. Ningeweza kulipa ile 58,000 na kurudi darasani na watoto ambao nilikuwa mbele yao miaka miwili. Kulikuwa na wiki nilizoamka nikiwa nimeamua hivyo. Nilifungua tovuti ya chuo mara nyingi, nikatazama lile salio, nikaifunga. Sitasema nilikuwa na hekima fulani. Chuo kilinitisha, mabati hayakunitisha, nikaenda na mabati.

Nilitaka simba ya kumi kwa kumi na tano, kwa heshima ya Thoreau. Fundi akanisikiliza kwa adabu, akatazama urefu wa mabati, akasema huyo rafiki yangu atanifanya nikate na kutupa, akaongeza futi mbili. Kwa hivyo ni kumi na mbili kwa kumi na tano. Nguzo tulikata kwenye mikaratusi ya Mzee, tukazipaka oili chafu chini kwa sababu ya mchwa. Mabati ishirini ya geji 30. Mifuko minane ya saruji kwa sakafu. Mlango wa chuma mmoja, madirisha mawili. Udongo ulikuwa bure lakini waliokuja kuukandika hawakuwa bure, walikula nyoyo sufuria mbili na chai isiyohesabika. Ilipofika mwisho nilikuwa nimetumia 69,300, na humo hakuna bei ya ardhi, hakuna choo, hakuna tangi, maana vyote vilikuwepo bomani kabla sijazaliwa. Makala zangu za Marekani hazikuwa na safu ya gharama hizo.

Mzee nilimwambia siku ya kupima. Alishika ncha moja ya kamba, mimi nyingine. Nikasema niliacha chuo, nikasema lini, nikasema sababu, nikajikuta nazirudia sababu. Akaivuta kamba ikakaza.

"Shika vizuri," akasema. "Inapinda."

Sasa, kuishi humo. Kuna siku ni kama zile picha kabisa: mlango wazi, mwembe, kuku wanapita, meza yangu dirishani, meza halisi yenye miguu minne. Halafu kuna mtandao, unaopatikana chini ya ule mwembe na si kwingine, kwa hivyo nikiandika ndani lazima nitoke kutuma. Januari mvua iliponyesha siku mbili mfululizo nilichelewesha kazi kwa saa tisa na yule mteja wa nyumba ndogo akaniacha. Mvua ikianza kupiga mabati husikii hata mawazo yako. Paneli ya sola inatosha kompyuta na balbu, haitoshi siku za mawingu. Na kijana anayeonekana nyumbani mchana huhesabiwa hana kazi, kwa hivyo hutumwa: posho mill, kwa chifu, kwenye mkutano wa matanga ya mtu nisiyemfahamu, na mchango juu. Nairobi hakuna aliyewahi kunituma. Nilikuwa naona huo ni upweke, kumbe ulikuwa pia muda wa kuandika.

Keja ya Githurai niliendelea kuilipia miezi miwili, nikijiambia ni kwa ajili ya kazi, kisha nikamwachia binamu wa jirani. Huenda nikaitafuta nyingine. Wenzangu bado wananitumia picha za nyumba za kontena, ile ya futi ishirini iliyopakwa rangi na kuwekwa dirisha, wakiuliza kama si afadhali mtu akusanye pesa anunue hiyo. Ni nzuri. Ni futi za mraba 160, karibu sawa na simba yangu, na chuma chake saa saba mchana kinaweza kukaanga yai. Mimi huwauliza itakaa kwa ploti ya nani, maji yatoka wapi, na mama yako akija usiku atakwenda wapi. Wanasema nimekuwa mzee.

Mama huja asubuhi, mara nyingi na kikombe cha uji. Nimenunua viti viwili vya plastiki. Huvuta kimoja hadi mlangoni, nusu ndani nusu nje, na kukalia hicho. Chuo hatukitaji. Lile koti nilirudi nalo kutoka Githurai likiwa na matundu mawili ya misumari. Alilichukua, akalifua, akalipiga pasi, na nikalikuta limetundikwa nyuma ya mlango wangu. Sikumuuliza. Dirisha la upande wa barabara bado halina pazia.